Hisa za Kuazima

Xiaobei, Guangzhou
2 Februari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba barua ya heshima haianzi na shida, kwa hiyo naanza na afya. Mimi mzima, na Baba mzima isipokuwa kikohozi cha baridi.

Maduka yote yamefungwa kwa sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina. Hata mtaa wa Yide Lu, Baba anakonunua midoli na madaftari ya kupeleka Dar, mageti yameshushwa, na harufu ya samaki wao wakavu haipo. Wanafunzi wenzangu wamekwenda makwao. Watu walipoondoka mji umekuwa mkubwa zaidi. Jana nilishuka na lifti hadi chini, nikapanda tena bila sababu, nikitumaini nitakutana na mtu. Nikamkuta mama mmoja mzee wa ghorofa ya nne. Akanitazama, akanipa chungwa dogo, akatoka.

Baba anakushukuru sana kwa kumwazima hisa zako za Sabuni ya Shungi. Anasema zitarudi kwa jina lako kabla ya mkutano wa wanahisa wa mwezi wa sita. Nilimwuliza kazi yake nini, akasema ni mambo ya watu wazima.

Nauliza kwa sababu shuleni mwalimu wa biashara ametutaka kila mmoja achague kampuni na kufuatilia bei ya hisa zake mpaka tufunge mwaka. Wenzangu wamechagua kampuni za simu na za magari. Mimi nimechagua Shungi kwa kuwa ni ya kwetu. Mistari ya wenzangu inapanda na kushuka kama milima ya Usambara. Wangu umelala kama kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu alidhani kompyuta imekwama. Darasa zima likacheka, nami nikacheka, ila nilichelewa kidogo.

Niandikie, Bibi. Hisa ni nini kwako? Na kwa nini za Shungi haziuzwi?

Barua hii anakuletea Mama Swalha, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwenye duka la nguo kule Zhanqian. Anakuja Tanga kumwona mwanawe.

Mjukuu wako,
Muzdalifa

*

Chumbageni, Tanga
27 Februari 2025

Mke mwenzangu Muzdalifa,

Marahaba. Mama Swalha amefika salama na barua yako. Imeandikwa vizuri, sina la kusahihisha. Ila pale penye lifti nilirudia kusoma, maana nilikuona humo ndani peke yako.

Babu yako alipika sabuni Shungi maisha yake yote ya kazi. Serikali ilipokiuza kiwanda, wafanyakazi walipewa hisa, na wengi walinung'unika kwamba karatasi hailiwi. Alipofariki zikaja kwangu. Gawio lake ni dogo, na mwaka mwingine halipo kabisa. Kwa hiyo usimwambie mwalimu wako kuwa hisa ni fedha. Hisa ni kiti.

Mara moja kwa mwaka navaa baibui jipya nakwenda ukumbini. Binti wa mlangoni anatafuta jina langu, analipata, anasema, "Karibu, Mama Chausiku." Nakaa kati ya Bi Odilia na Bi Rozina, wajane wa wenzake babu yako. Mkurugenzi anatueleza hasara kwa adabu kubwa. Bi Odilia anasimama na kuuliza swali lake la kila mwaka, kwa nini sabuni siku hizi haitoi povu, na mkurugenzi anajibu kuwa hilo ni swali zuri sana. Kisha tunakula pilau, tunapewa khanga na mche wa sabuni, tunakaa tunasengenya mpaka wenye ukumbi wazime feni. Siku nyingine zote, mwanangu, hakuna anayetafuta jina langu popote. Ndiyo maana hakuna auzaye. Atauza akae wapi?

Baba yako aliniambia anataka dhamana ya kontena, nami nikatia saini zihamie kwake kwa muda. Mtu akikuazima sufuria ya shughuli, unapika, unaosha, unarudisha. Sina wasiwasi.

Kula vizuri. Usinikondee.

Bibi yako,
Chausiku

*

Juu ya jiko la wali
10 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Nakuachia karatasi hii hapa kwa sababu utarudi nimelala, nami nitaondoka umelala. Wali na samaki vimo ndani.

Leo mwalimu ametufundisha kuuza hisa za kuazima. Mtu anayeamini kuwa bei itashuka huazima hisa za mwenzake, huziuza sasa, na bei ikishuka hununua nyingine kama hizo kwa rahisi. Humrudishia mwenyewe hisa zake, na kinachozidi hubaki kwake. Nilipokwenda kuangalia kamba yangu ya Shungi nikaona kwamba tangu mwaka uanze zimeuzwa mara moja tu, mwezi wa kwanza. Idadi ni ile ile ya hisa za Bibi.

Baba, umeziuza?

Muzdalifa

*

11 Aprili

Muzda,

Samaki alikuwa mtamu. Ndiyo, nimeziuza. Usiogope, ni biashara.

Shungi waliagiza mashine ya kugonga sabuni kwa laoban, yaani tajiri, mmoja wa Foshan. Mwaka mzima iko ghalani, haijamaliziwa malipo, na simu zake hawapokei. Nimekwenda kuiona kwa macho yangu, imeota vumbi. Nikajua hesabu zao zikitangazwa bei itaanguka. Zimetangazwa mwezi uliopita, na ni hasara tupu kama nilivyosema. Lakini bei haikutikisika, kwa sababu hakuna aliyeuza hata moja. Nimeweka oda ya kununua na hakuna anayeuza. Nitapandisha kidogo tu, mtu atalegea.

Fedha yenyewe ilikomboa kontena lililokwama bandarini Nansha. Bila hiyo tungerudi nyumbani mikono mitupu. Bibi yako asijue, presha yake unaijua.

Baba

*

Xiaobei, Guangzhou
17 Aprili 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Huu ndio msimu ambao kuta zinatoa jasho. Nguo hazikauki, na kioo cha bafuni kimejaa ukungu mpaka sijioni. Baba ana kazi nyingi. Idi tulisali msikitini pamoja na watu wa kila nchi, kisha Baba akapokea simu, nikarudi na Mama Swalha.

Jibu lako kuhusu kiti nililisoma kwa sauti chumbani, kisikike Kiswahili humu ndani.

Nina swali kwa ajili ya insha. Mtu ameazima sufuria, na siku ya kuirudisha inakaribia, lakini sufuria haipo mkononi mwake. Amwambie mwenyewe mapema, au aitafute kwanza kimya kimya, asimtie hofu? Naomba jibu lako kama mwalimu.

Mjukuu wako,
Muzdalifa

*

Chumbageni, Tanga
4 Mei 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Kaa nikupe habari za mjini, maana nyumba haikaliki kwa vicheko.

Kuna binti anaitwa Joyness, wa ofisi ya madalali wa hisa Dar. Alimpigia simu Bi Odilia akampata kwangu, tukasikia wote.

"Mama, kuna mteja anataka hisa zako za Shungi. Anatoa bei nzuri."

"Nani huyo?"

"Siruhusiwi kumtaja."

"Basi nami siruhusiwi kuuza."

Baada ya wiki akapiga tena, bei imepanda. Akampigia na Bi Rozina, akawapigia na wengine, bei ikapanda tena. Bi Rozina akasema, "Jamani, anayegonga mlango mara ya pili kaona kitu dirishani. Kiwanda hiki kina siri." Basi kila mtu amekumbatia zake. Hata mzee mmoja wa Ngamiani aliyetaka kuuza atengeneze paa ameghairi, anasema bora anyeshewe.

Mwambie baba yako azitunze zangu vizuri! Huko duniani kuna mjinga mmoja anazitamani hisa za Shungi kama mja mzito anavyotamani udongo. Ila mwambie pia daftari la wanahisa linafungwa tarehe thelathini na moja ya mwezi huu, na mkutano ni Juni kumi na nne. Jina langu liwe limerudi.

Insha yako: anayetafuta kimya kimya hutafuta peke yake. Mwenye sufuria naye ana macho.

Bibi yako,
Chausiku

*

Juu ya jiko la wali
17 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Barua ya Bibi hii hapa, isome. Pale anapomcheka mtu mmoja mjinga sikuweza kucheka.

Kila ukipandisha bei, wanaamini kuna siri nzuri, wanazishika zaidi. Sokoni hakuna mnunuzi mwingine. Unayeshindana naye ni wewe mwenyewe. Zimebaki wiki mbili. Naomba ruhusa nimwambie Bibi.

Muzdalifa

*

18 Mei

Hapana. Kesho napandisha tena. Mtu mmoja tu akiuza, yamekwisha. Nakwenda Yiwu, narudi Jumatano. Hela ya chakula iko kwenye kopo la majani ya chai. Usiandike lolote.

Baba

*

Xiaobei, Guangzhou
19 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Leo barua yangu inaanza na shida. Naomba uketi kwanza.

Hisa zako hazikuwekwa dhamana. Baba aliziuza mwezi wa kwanza. Aliamini bei itashuka, azinunue tena kwa rahisi, akurudishie, na faida ibaki kwake. Anayegonga milango yenu kupitia Joyness ni yeye. Anazitafuta zako na hazipati.

Sidhani kwamba alitaka kukuibia. Aliamini kabisa zitarudi. Alikijua kiwanda, hakuwajua ninyi.

Ukimwambia Bi Odilia au Bi Rozina, labda mmoja atakuuzia chache, jina lako liwahi daftari kabla ya kufungwa. Lakini watajua alichofanya mwanao. Sijui lipi ni zito zaidi kwako. Nimejaribu kulibeba hili mwenyewe nikashindwa.

Baba yuko Yiwu na amenikataza kuandika. Akirudi nitamwambia kwamba nimeandika. Sijui kama atasema nami tena, na nikimkosa yeye, humu ndani sina mwingine. Nakupa barua hii kwa mkono wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, Kaka Elinami, anayerudi Tanga kesho.

Nisamehe, Bibi.
Muzdalifa

*

Chumbageni, Tanga
21 Juni 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema. Niliisoma, nikaikunja, nikanywa maji.

Sikumwambia mtu. Nimzae mimi, kisha nimtangaze mimi? Daftari likafungwa. Wenzangu walipokuja kupanga rangi ya khanga za mkutano, nikawaambia mwaka huu magoti hayanipi ruhusa. Bi Rozina akaniletea mafuta ya kuchua, nikajipaka magoti yasiyouma.

Siku ya Alhamisi kabla ya mkutano, nikamwona Bi Odilia huyo anakuja, jua kali, mwavuli mkononi.

"Chausiku, magoti yako yameniambukiza."

"Si umekuja kwa miguu?"

"Ndiyo maana yanauma. Siendi mkutanoni." Akatoa karatasi mkobani. "Sheria yao inasema mwanahisa mgonjwa anamtuma mtu. Nakutuma wewe."

"Odilia, na mimi ni mgonjwa."

"Wewe umeugua kabla yangu, utapona kabla yangu. Jumamosi uwe umepona. Na usisahau kuuliza povu."

Nikaenda. Binti wa mlangoni alitafuta Chausiku, akapitisha kidole juu mpaka chini. Watu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nikampa karatasi ya Odilia, akasema, "Aa, wewe ni mwakilishi," akanielekeza ndani. Kiti kile kile, mwanangu, lakini nilikikalia kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo kidogo. Nilisimama nikauliza povu. Mkurugenzi akasema ni swali zuri sana.

Nilimpelekea Odilia pilau kwenye hotipoti. Alikuwa barazani ananingoja. Akala, akafurahi, kisha akasema huku anatazama barabara, "Joyness hakutaja jina. Ila aliteleza, akasema mteja wake anapigia kutoka China. Nikajiuliza, China nzima, nani mwingine anaijua Shungi?"

Nikafunika hotipoti. Akanikatia kipande cha chungwa.

Sasa mpe baba yako maneno haya. Aache kununua, bei anajipandishia mwenyewe. Wanawake hawa hawauzi kwa bei. Tukifa, watoto wetu watauza kabla ya arobaini, naye atazipata rahisi kama alivyotaka. Asipotaka kungoja tufe, njia ni moja. Aje. Akae barazani kwa Odilia, aseme kwa mdomo wake alichofanya, aombe. Odilia anasema kwa kiti hisa chache zinatosha, naye anazo za kuketisha ukumbi mzima. Lakini kwa simu hampi mtu.

Na wewe hukukosa. Ungeninyamazia, ningeendelea kumcheka mwanangu mbele za watu.

Bibi yako,
Chausiku

*

Xiaobei, Guangzhou
9 Julai 2025

Bibi yangu,

Shikamoo.

Baba aliporudi kutoka Yiwu nilikuwa nimekaa mezani namngoja.

"Umeandika?" akauliza, hata begi hajaweka.

"Nimeandika, Baba."

Akaingia chumbani. Baada ya hapo hakukuwa na karatasi yoyote juu ya jiko la wali. Nilikuwa napika, asubuhi nakuta chakula kimeliwa na sahani imeoshwa. Ndivyo nilivyojua kwamba yupo. Mei ikaisha hivyo, na Juni yote.

Barua yako ilipofika niliiweka pale pale juu ya jiko, nikaenda kulala. Sikulala. Nilimsikia akifungua mlango, nikasikia karatasi. Halafu akakohoa. Siku iliyofuata hakwenda sokoni. Alimpigia Joyness mbele yangu. "Ondoa oda yangu. Ndiyo, yote. Hapana dada, sipandishi tena, nimesema ondoa." Baada ya siku chache bei ikarudi polepole pale ilipokuwa, na kamba yangu ya nguo imelala tena.

Kazi ya shule nimeikabidhi. Mwalimu alitutaka tueleze kwa nini bei za kampuni zetu zilikwenda zilivyokwenda. Niliandika kwamba ya Shungi haikushuka hasara ilipotangazwa kwa sababu wanahisa wake hawangojei faida, wanangojea kuonana. Pembeni mwalimu ameandika: "Leta ushahidi." Sikujua nitaupakiaje.

Baba amenunua tikiti. Alinionyesha, akasema, "Pasipoti yako bado iko uhamiaji, wanaiongezea muda. Ningoje itoke twende wote?" Wanasema itachukua wiki kadhaa. Nilitaka kusema ndiyo, Bibi. Nimeota kibaraza chako tangu nije huku. Lakini nilimtazama nikaona kwamba akingoja, ataanza kutafuta njia nyingine, kontena jingine, bei nyingine. Nikamwambia, "Tangulia, Baba."

"Hutaogopa?"

"Mama Swalha yupo."

Kwa hiyo nimehamisha godoro langu ghorofa ya chini. Mama Swalha anakoroma, na usiku wa kwanza nilifurahi kuisikia sauti hiyo. Mchana yuko dukani Zhanqian, nami nimebaki na vitabu. Shule imefungwa, wengi wamesafiri. Nimeanza kujifunza maneno ya Kichina ya kusema na yule mama wa ghorofa ya nne, maana mpaka leo tunapeana matunda bila kujua majina.

Barua hii anakuletea Baba mwenyewe. Hajui nilichoandika na hakuuliza. Jana nilimsikia chumbani akijaribu maneno atakayomwambia Bi Odilia. Alianza kwa kukisema kiwanda na mashine ya Foshan, akakatiza, akaanza upya bila mashine. Mara ya mwisho alisema tu, "Mama, nimekosa."

Nakuomba jambo moja. Atakapobisha hodi usimwulize kitu, na usimpeleke kwa Bi Odilia siku hiyo hiyo. Mtandikie mkeka, umpe chakula, ukae naye mpaka amalize. Huku huwa anakula amesimama.

Mjukuu wako,
Muzdalifa